Sahihi ya Fundi wa Ndege

Wakazi wengi wa Chakol, na wa sehemu zote zilizo kati ya Busia na Malaba, wangali wakiikumbuka tarehe 24 Januari 2003. Siku ile ndege ya injini mbili iliyowachukua mawaziri wa Serikali iliruka kutoka kiwanja kidogo cha Busia ili kurudi Nairobi. Kabla haijapanda juu vya kutosha iligonga waya za stima, ikaanguka. Watu watatu walikufa, nao ni marubani wawili pamoja na Waziri wa Kazi, Bwana Ahmed Khalif. Wengine waliumia.

Ndege ile iliangushwa na waya, wala injini haikuwa na hatia. Lakini mkulima aliye shambani mwake, asikiapo ndege ndogo ikipita juu ya mihogo na mtama wake kuelekea Tororo au Kisumu, si ajabu akasimama na kujiuliza: je, injini ile ikizima huko juu, itakuwaje? Swali hilo ni la haki, maana ziko ajali zinazotokana na injini. Tena, katika ajali hizo, nyingi hazianzii angani. Huanzia chini, ndani ya karakana, mikononi mwa fundi aijuaye kazi yake, na kabla ya kufika angani hupita juu ya karatasi yenye sahihi.

INJINI IKIZIMA ANGANI

Kwanza yafaa ijulikane kwamba ndege ndogo haianguki kama jiwe injini yake izimapo. Mabawa yangali yakiishika hewa, na rubani aweza kuteleza nayo kama mwewe asiyepiga mbawa. Ndege ya namna ya Cessna 172, ambayo huonekana sana katika nchi za Afrika ya Mashariki, ikiwa futi 3,000 juu ya ardhi yaweza kuteleza kadiri ya maili 5 kabla ya kugusa chini. Katika nafasi hiyo rubani aliyefundishwa vyema aweza kutafuta barabara iliyonyoka, uwanja wa shule, au shamba lililovunwa.

Taabu kubwa hutokea ndege ikiwa ndiyo kwanza imeruka. Ikiwa futi 300 tu juu ya ardhi, rubani ana muda wa nusu dakika hivi, wala hawezi kuchagua mahali pa kushuka. Tena, injini iliyotengenezwa vibaya mara nyingi huonyesha ubaya wake wakati huo huo, kwa sababu ndipo inapofanya kazi kwa nguvu zake zote. Kwa hiyo marubani wenye busara huitazama kwa tahadhari ndege iliyotoka karakanani leo asubuhi kuliko ile iliyofanya kazi mwezi mzima bila kuguswa. Mtu asiyejua atashangaa kusikia hivyo, maana hudhani kwamba ndege iliyotoka kutengenezwa ndiyo salama kuliko zote.

SPANA ILIYOSAHAULIWA

Kisa cha zamani kinachofundisha jambo hili ni cha Bibi Bessie Coleman. Alizaliwa mwaka 1892 katika jimbo la Texas, Marekani, katika jamaa maskini ya watu weusi, na utotoni alichuma pamba, kazi ambayo wazee wa Teso waijua vyema. Alipotamani kujifunza kuendesha ndege, shule za Marekani zilimkataa kwa rangi yake na kwa kuwa yeye ni mwanamke. Hakukata tamaa. Alijifunza Kifaransa, akasafiri mpaka Ufaransa, na tarehe 15 Juni 1921 akapata cheti cha urubani. Aliporudi kwao alisifiwa sana, na watu kwa maelfu walikuja kumtazama akiruka.

Tarehe 30 Aprili 1926 alikuwa katika mji wa Jacksonville, Florida, akijitayarisha kwa maonyesho ya siku ya pili yake. Ndege yake ilikuwa kuukuu, na fundi wake, Bwana William Wills, alipoileta kutoka Texas alilazimika kushuka njiani zaidi ya mara moja kwa sababu injini ilimsumbua. Asubuhi ile Wills ndiye aliyeshika usukani. Bibi Coleman hakufunga mkanda, kwani alitaka kuchungulia nje apate kuona mahali ambapo angeruka kwa mwavuli kesho yake. Mara ndege ilielekeza pua chini, ikaanza kuzunguka. Bibi Coleman alitupwa nje akafa, na Wills akafa ndege ilipojipiga chini. Walipoyachungua mabaki waliona spana iliyotumiwa kutengenezea injini imekwama ndani ya mitambo na kuifunga.

Spana moja! Mtu aliyeyashinda mashamba ya pamba, na ubaguzi wa rangi, na bahari kubwa, aliuawa na chombo ambacho mtu alikiweka kando kwa dakika moja kisha akasahau kukiokota. Katika karakana njema za siku hizi kila spana ina mahali pake ubaoni, na umbo lake limechorwa hapo. Jioni fundi akiona umbo tupu hana ruhusa ya kwenda nyumbani, wala ndege haina ruhusa ya kuruka, mpaka spana ile ionekane.

MAKOSA MADOGO YENYE MENO

Makosa ya mafundi wa injini karibu yote ni ya namna hiyo, yaani madogo ukiyatazama chini, na makubwa yakifika juu. Mengine ndiyo haya.

Nati ya mfereji wa petroli hukazwa kwa vidole ili ishike kwa muda, kisha fundi huitwa kwingine kabla ya kuchukua spana na kuimaliza kazi. Injini ikiwashwa chini haivuji, lakini ikitikisika kwa saa moja nati hulegea, na petroli humwagika juu ya chuma chenye moto.

Kizibo cha kutolea oili hurudishwa bila kufungwa kwa waya mwembamba wa kukizuia kisizunguke. Oili yote ikitoka, injini haiwezi kuishi ila dakika chache tu.

Nati zinazoshikilia silinda zina kipimo chake cha kukazwa, na iko spana maalum ya kupimia nguvu hiyo. Zikikazwa kupita kiasi, bolti hunyooka na kuchoka. Zikikazwa pungufu, silinda hutikisika mpaka bolti zikatike, na silinda yote ikang'oka. Hata rangi iliyopakwa chini ya nati kwa ajili ya kupendeza huleta madhara, kwani rangi husagika na kuiacha nati imelegea.

Kitambaa cha kupangusia mikono husahauliwa ndani ya njia ya hewa. Pini ndogo ya kuushikilia mkono wa kabureta huachwa mezani, na rubani akiusukuma mkono wa mafuta hapati jibu.

Na liko kosa la mafuta yenyewe. Ndege ndogo nyingi zenye pistoni hutumia petroli maalum ambayo hutiwa rangi ya buluu. Ndege za namna ya jeti, na hata ndege kadhaa zenye panga mbele, hutumia mafuta yaliyo ndugu ya mafuta ya taa. Mtu akitia mafuta hayo katika ndege ya pistoni, injini itawaka vizuri kwa petroli iliyobaki mferejini, na ndege itakwenda mpaka mwisho wa kiwanja. Ikiisha kuondoka ardhini, petroli ya mferejini imekwisha. Mwenye pikipiki wa Malaba aliyewahi kuuziwa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ajua jinsi injini inavyokohoa. Yeye huisukuma pikipiki yake kando ya njia. Huko juu hakuna kando ya njia.

WALITIA SAHIHI

Hapa msomaji atauliza: je, hakuna mtu wa kuyaona makosa hayo? Yuko. Kila ndege ina vitabu vyake, na kila kazi huandikwa humo: ilifanywa siku gani, na nani, kwa kufuata agizo gani. Fundi mwenye leseni hutia sahihi kwamba kazi imekwisha na ndege yafaa kuruka. Kazi inayogusa vyombo vya kuongozea ndege au injini hukaguliwa na mtu wa pili, naye atie sahihi yake. Pasipo sahihi hizo rubani asiiguse ndege. Basi ulinzi upo, nao ni wa karatasi na kalamu. Lakini karatasi haina macho. Visa viwili vya ndege kubwa vyaonyesha wazi jambo hilo, navyo vyahusu ndege ndogo vile vile, kwa kuwa mkono wa fundi ni ule ule.

Tarehe 5 Mei 1983 ndege ya kampuni ya Eastern Air Lines, yenye injini tatu, iliondoka Miami kwenda Nassau ikiwa na watu 172. Usiku uliotangulia mafundi walikuwa wamebadilisha vizibo vidogo vyenye sumaku, ambavyo hunasa chembe za chuma zilizomo katika oili. Kila kizibo hutakiwa kuwa na ringi zake za mpira ili oili isipite. Siku zote mafundi wale walizoea kupewa vizibo ambavyo mtu mwingine amekwisha kuvitia ringi. Usiku ule vizibo vilitoka ghalani bila ringi, na hakuna aliyetazama. Vilitiwa hivyo hivyo katika injini zote tatu. Karatasi ya kazi ilitaja ringi mpya, na sahihi zilitiwa.

Ndege ilipokuwa juu ya bahari, injini ya kwanza kuonyesha upungufu wa oili ilizimwa, na rubani akageuka kurudi Miami. Kisha ya pili ikazima yenyewe, na ya tatu vile vile. Ndege ikawa haina injini hata moja, ikashuka kutoka futi 13,000 mpaka kama futi 4,000, huku abiria wamevaa maboya wakingoja kutumbukia majini. Wakati huo marubani walifaulu kuiwasha tena ile injini waliyoizima mwanzo, nayo ikawafikisha kiwanjani. Hakuna aliyeumia. Wachunguzi walipoandika taarifa yao walionyesha kwamba vizibo vile vilikuwa vimekwisha kuleta taabu katika kampuni hiyo kabla ya siku ile. Onyo lilikuwapo, ila halikushika.

Kisa cha pili ni cha Uingereza. Tarehe 23 Februari 1995 ndege ya kampuni ya British Midland, yenye injini mbili, iliondoka East Midlands kwenda kisiwa cha Lanzarote. Usiku injini zote mbili zilikuwa zimefunguliwa vifuniko vidogo ili zikaguliwe ndani. Fundi aliyeianza kazi alimkabidhi mwenzake kwa maneno ya mdomo tu, bila kuandika ni hatua zipi zilizokwisha na zipi zilizobaki. Yule wa pili alisumbuliwa mara kwa mara na shughuli nyingine za usiku ule. Vifuniko havikurudishwa, injini haikuwashwa kujaribiwa, na sahihi ikatiwa. Asubuhi ndege iliruka, na karibu oili yote ya injini zote mbili ikamwagika. Kwa bahati njema marubani waliona mapema, wakashuka Luton salama.

Yafaa mambo mawili yaangaliwe hapa. Jambo la kwanza ni kwamba faida ya kuwa na injini mbili au tatu hupotea, kosa moja likirudiwa katika zote usiku mmoja. Hata injini moja ya ndege ndogo ina mitambo miwili ya kutoa cheche, kusudi mmoja ukifa wa pili uendelee. Fundi akiikosea yote miwili kwa namna moja, ni sawa na mtu mwenye funguo mbili za mlango mmoja aliyeziweka katika mfuko mmoja uliotoboka. Ndiyo maana kampuni zenye hadhari hazimruhusu mtu mmoja kufanya kazi ile ile katika injini zote kwa wakati mmoja.

Jambo la pili ndilo kubwa zaidi. Waliotia sahihi hawakuwa wezi wala walevi. Walikuwa mafundi wenye leseni na miaka mingi ya kazi. Walitia sahihi kwa mazoea, kwa kuwa jana ilikuwa sawa, na juzi ilikuwa sawa. Mazoea ndiyo yaliyotia sahihi, na mkono ulikuwa umeshika kalamu tu.

MFICHA MARADHI

Basi afanywe nini fundi aliyekosa? Wengi watajibu upesi kwamba afukuzwe. Labda yafaa. Lakini wenye kuijua kazi ya ndege wametambua kwamba karakana ambayo kila kosa huleta kufukuzwa ni karakana ambayo makosa hayasemwi. Fundi akikumbuka usiku wa manane kitandani kwamba hakuikaza nati, naye aogopa kupoteza mkate wa watoto wake, atajiambia, Huenda niliikaza. Wazee walisema kweli: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Rubani mashuhuri wa Marekani, Bwana Bob Hoover, alitoa mfano ambao wengi wausimulia hata leo. Mwaka 1978, baada ya maonyesho karibu na San Diego, kijana mmoja alijaza ndege yake ya pistoni mafuta ya jeti kwa kudhani ni ya namna nyingine. Injini zote mbili zilizima mara baada ya kuruka. Hoover aliishusha ndege katika bonde, ikavunjika, lakini yeye na wenzake wawili walitoka wazima. Aliporudi alimkuta kijana yule amesimama peke yake akilia. Hoover alimwambia kwamba hana shaka hatalirudia kosa lile maishani, na kwamba kesho yeye ndiye atakayeitayarisha ndege yake nyingine. Baadaye midomo ya mipira ya mafuta ya jeti ilitengenezwa kwa upana usioweza kuingia katika tangi la ndege ya petroli. Yaani kijana alisamehewa, lakini mlango wa kosa ulifungwa. Mambo hayo mawili hayana budi kwenda pamoja. Msamaha usiofunga mlango ni uzembe, na adhabu isiyofunga mlango huliacha kosa likimngojea mtu mwingine.

NA HUKU CHAKOL?

Mtu aweza kusema kwamba haya ni mambo ya Wamarekani na Waingereza, na kwamba mkulima wa Chakol hana ndege. Lakini ndege za Afrika ya Mashariki zinazo mafundi wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifungua shule ya urubani huko Soroti, katika nchi ya Teso upande wa Uganda, miongoni mwa watu wanaosema lugha moja na wazee wa Chakol. Shule hiyo imefundisha marubani na mafundi wa ndege pia. Kijana wa Chakol Kaskazini au Kusini ambaye leo anapenda kuifungua pikipiki ya baba yake ili aone kilichomo ndani, huenda kesho akashika spana ya ndege. Na ndege ndogo zinazoondoka kiwanja cha Wilson, Nairobi, zikiwamo zile za Madaktari Warukao waliouanza utumishi wao mwaka 1957, huwachukua wagonjwa kutoka mahali pasipo na hospitali kubwa. Anayetegemea nati ile iliyokazwa huenda akawa mama mja mzito aliyefungwa katika machela.

Tena, yasiyo ya ndege yako mengi. Neno bodaboda lilizaliwa katika mpaka huu, miaka ya 1960, pale vijana walipowabeba wasafiri kwa baiskeli kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi ya pili. Leo pikipiki zimechukua mahali pa baiskeli, na mafundi wake wamekaa chini ya miti kila njia panda. Fundi akimrudishia mtu pikipiki akiwa hakuikaza nati ya gurudumu, amefanya kosa lile lile la karakana ya ndege, ila limekaribia ardhi. Mwenye mashine ya kusaga unga ajua kwamba ukanda uliorudishwa vibaya hukata mkono. Dereva wa lori la mizigo anayengoja zamu yake Malaba ajua thamani ya breki zilizokaguliwa na mtu aliyeinama akatazama.

Na karani je? Karani hana spana, lakini ana kalamu, na kwa siku moja hutia sahihi nyingi kuliko fundi. Huandika kwamba magunia yamehesabiwa, dawa zimepokewa, kisima kimepimwa, daraja limekaguliwa. Ikiwa ameona kwa macho yake, sahihi yake ni ushahidi. Ikiwa hakuona, ameitia ringi ya mpira kwenye karatasi, na kwenye injini haimo.

Kwa hiyo kanuni za karakana ya ndege zaweza kuchukuliwa na kila mtu mwenye kazi. Usitie sahihi kwa jambo usilolitazama. Ukiitwa katikati ya kazi, andika ulipofika, na ukirudi anza hatua kadhaa nyuma. Umkabidhipo mwenzako, mpe maandishi pamoja na maneno. Kazi ya hatari ikaguliwe na mtu wa pili asiyeifanya, naye asione haya kumrudisha mkubwa wake. Hesabu vyombo vyako kabla ya kufunga. Na ukikumbuka kosa, hata iwe usiku, hata iwe aibu, sema kabla ndege haijaruka.

Wahenga wametuachia neno: mdharau mwiba, guu huota tende. Mwiba wa fundi ni nati moja, ringi moja, pini moja. Aliye juu ya mawingu hawezi kushuka kuzitazama, naye amekwisha kumwamini aliyebaki chini.